Makuta ya mbegu na tiketi ya pari: namna ya kusaidiana mu kikundi



Mwezi wa Septemba, musimu A unapoanza, inaomba mbegu iwe tayari. Kwa hektari moja ya mahindi tunahesabu kilo 25 hivi. Lakini kati ya mavuno ya mwezi wa 6 na wakati wa kupanda, mu vikundi vingi tunakuta nyumba zenye makuta ya mbegu yameisha ku pari ya mupira. Zamani ilikuwa inaomba mutu afike ku muji. Leo anacheza ku telefone, hata akiwa mu shamba. Ndiyo sababu sisi maagronome tunazungumuzia jambo hili.

Pari inakula namna gani?

Tufanye hesabu. Tuchukue mechi zenye majibu mbili tu yenye kulingana: ndiyo ao hapana. Kama mchezo ungekuwa wa haki, mwenye kupata angelipwa mara 2 ya makuta yenye aliweka. Lakini kampani inaandika, kwa mufano, 1,85. Ile kidogo yenye imepunguzwa njo faida yake, na inaikamata ku kila mechi.

Mutu akiunganisha mechi 5 ku tiketi moja, iko na nafasi 1 juu ya 32 ya kupata zote. Kwa tiketi 32 za franka 1.000, anatoa 32.000. Kwa kawaida tiketi moja ndani yake itapata, na italipa karibu 21.670. Zaidi ya 10.000 zinabaki kwa kampani. Na kila mara anaongeza mechi ku tiketi, kampani inakula zaidi.

Kisha kuko ile neno yenye tunasikia kila juma ya kwanza: «Nilikosa mechi moja tu!» Ku zile tiketi 32, tano ndizo zinakosa mechi moja tu. Kwa hiyo «karibu nipate» inakuja mara 5 kuliko kupata kwenyewe. Haionyeshe kama bahati inakaribia. Mu shamba, ukikosa mwaka huu, unajifunza: utabadilisha tarehe, nafasi kati ya mistari, mbegu. Tiketi ya jana haifundishe ya kesho kitu.

Ni ugonjwa, si ujinga

Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kushindwa kuacha mchezo wa makuta kati ya magonjwa. Basi kutukana mutu mbele ya wengine hakumuponeshe; kunamufundisha kujificha. Dalili zenye inaomba kuangalia ni hizi: anacheza ili arudishe yenye alipoteza, anadanganya bibi ao bwana yake, anakopa bila kusema sababu, anauzisha jembe, mbuzi ao mbegu, amejaribu kuacha mara nyingi, ameshindwa.

Mambo ya kufanya kila siku

1. Siku ya kulipwa mavuno, musiende peke yenu. Bwana na bibi wahesabu pamoja palepale. Mbegu na dawa ya shamba vinunuliwe siku ileile, kupitia koperative, mbele makuta ifike ku telefone.

2. Mbegu ibakie mu depo ya kikundi mupaka siku ya kupanda. Mufuko wenye uko kwa nyumba unauzishwa usiku. Wenye uko mu depo unaomba kuulizia.

3. Futa programu ya pari ku telefone. Mutu mwenye unaaminia achunge laini ya makuta kwa muda wenye mumepatana.

4. Hamu ikikuja, usibishane nayo: ichelewesha. Sema «nitangoja nusu saa,» kisha fanya kazi ya mikono: palilia, kata majani ya mbuzi, chota maji. Mara nyingi hamu inapanda, kisha inashuka yenyewe.

5. Jua saa yako mubaya. Kwa wengi ni posho na yenga mangaribi. Panga kazi ao mukutano wa kikundi saa ile.

Kusaidiana

Mutu anashindwa akiwa peke yake. Mu mwaka wa 1957, kule Los Angeles, watu wenye walikuwa na shida hii walianza kukutana ili kuelezana namna wanaishi siku moja bila kucheza. Sisi tuko na vikundi tayari: AVEC na MUSO. Kisha mukutano wa akiba, watu 4 ao 5 wanaweza kubakia nusu saa. Kila mutu anasema juma ilikuwa namna gani. Masharti ni mafupi: yenye kusemwa hapa inabakia hapa, hakuna kucheka mutu, hakuna kumukopesha makuta mu mukono. Kama nyumba iko na njaa, peleka unga.

Kila moja achague mwenzake wa kumupigia simu mbele ya kucheza, hapana nyuma. Na mutu akianguka tena, asifukuzwe. Tuulize tu: ilikuwa saa gani, makuta ilitoka wapi, na tufunge mulango ule. Ni kama vile ukuta wa teras wenye mvua imebomoa: tunajenga upya palepale pamebomoka.

Sanduku la AVEC liko na kufuli 3 kwa sababu njema. Memba mwenye kupigana na pari asichunge ufunguo wala daftari kwa mzunguko huu. Aelezwe kwa upole: ni kumulinda, si kumuazibu. Deni zake ziandikwe zote ku karatasi moja, zilipwe kidogo kidogo, na ikiwezekana kwa siku za kazi ao kwa mavuno. Kumulipia deni yote mara moja kunamuachia nafasi ya kukopa tena.

Mutu akisema hataki tena kuishi, musimuache peke yake hata saa moja. Mumusindikize siku ileile ku kituo cha afya.

Mu mukutano wenye kuja, muweke jambo hili ku programu, mbele ya kugawanya akiba. Muulize swali moja tu: makuta ya mbegu ya kila nyumba itachungwa wapi mupaka Septemba? Muandike jibu mu daftari ya kikundi.