Nani Anamsikiliza Afisa Ustawi wa Jamii?

Mtoto akifanyiwa ukatili nyumbani kwao, mtu anayetarajiwa kumsikiliza kwa utulivu kuliko wote ni afisa ustawi wa jamii. Ndiye anayekaa naye kwenye benchi la kituo cha polisi hadi fomu ya PF3 itolewe, ndiye anayefuatana naye hospitali, ndiye anayekwenda kwao kuzungumza na mama, bibi na jirani, kisha anarudi ofisini kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii itakayosomwa mahakamani. Taarifa hiyo haiandikwi kwa maneno ya jumla. Mahakama inataka kujua nani alilala chumba gani, mtoto alimwambia nani kwanza, na huyo aliyeambiwa alifanya nini au alinyamaza kwa muda gani. Ili ayaandike hayo, afisa lazima ayaulize, ayasikie, ayakumbuke na ayasome upya kabla ya kutia saini. Kesho yake asubuhi mlangoni kuna mama anayedai matunzo ya watoto, mzee aliyetelekezwa na wanawe, na mtoto mwingine.

Mzigo huu si wa kubahatisha. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Nchi imefanya mengi ya kujivunia. Ipo Sheria ya Mtoto ya 2009, yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, ipo namba ya simu 116 ya kuripoti bila malipo, vipo vituo vya mkono kwa mkono hospitalini, na zipo kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, hadi ngazi ya kata na kijiji. Lakini tazama zinakoishia njia hizo zote. Kila mlango tuliomfungulia mtoto ili aseme unamfikisha mezani kwa mtu yule yule, ambaye katika halmashauri nyingi anahudumia kata kadhaa peke yake. Tumejenga kwa bidii njia za kuleta taarifa, na tumemsahau anayezipokea. Ninachoshikilia katika makala haya ni kwamba kumtunza afisa ustawi ni sehemu ya kumlinda mtoto, na kwamba matunzo hayo yapatikane katika jinsi kazi inavyopangwa na kusimamiwa kila wiki. Semina ya siku moja ya kupunguza msongo wa mawazo haitatufikisha huko.

Sayansi ya jambo hili si changa. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani Christina Maslach, pamoja na mwenzake Susan Jackson, walichapisha kipimo cha uchovu wa kazi kinachotumika hadi leo. Waliona kwamba uchovu huo una sura tatu: mtu kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwaona anaowahudumia kama mafaili badala ya watu, na kuamini kwamba anachokifanya hakina maana. Shirika la Afya Duniani, lilipoueleza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa mwaka 2019, halikuuita ugonjwa. Liliutaja kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Maelezo hayo yana uzito, kwa sababu yanaielekeza lawama kazini, si kwenye udhaifu wa mtu. Kando ya uchovu kuna kiwewe kinachoingia kwa masikio. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unakubali kwamba mtu anaweza kupata kiwewe kamili kwa kukutana mara kwa mara, kupitia kazi yake, na maelezo ya kutisha ya mateso ya wengine, na mmoja wa mifano unayoitoa ni wa askari wanaoshughulikia ukatili dhidi ya watoto. Afisa ustawi anayasikia maelezo hayo hayo, mara nyingi kabla ya askari.

Sura ile ya pili ya uchovu, ya kuwaona watu kama mafaili, ndiyo inayopaswa kututia hofu zaidi. Afisa aliyechoka kiasi hicho hafanyi kazi kwa ubaya, bali moyo wake umejifunga ili uweze kuendelea. Huuliza maswali yaliyomo kwenye fomu na kuacha lile ambalo halimo. Hukubali haraka maelezo ya mzazi mwenye ulimi laini, kwa kuwa kuyakataa kunamaanisha safari nyingine ya bodaboda. Uingereza ilijifunza hili kwa gharama ya uhai. Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 aliyetoka Ivory Coast, alifariki London Februari 2000 baada ya kuteswa na walezi wake. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa taarifa yake 2003, ulikuta kwamba huduma husika zilikuwa na nafasi zisizopungua 12 za kuingilia kati. Miongoni mwa mambo yaliyobainika ni kwamba mfanyakazi wa ustawi aliyekabidhiwa shauri hilo hakuwa na uzoefu wa kutosha, na hakusimamiwa ipasavyo.

Usimamizi unaozungumzwa hapa si ule wa kuulizwa mbona ripoti ya robo mwaka haijafika. Mtaalamu wa ustawi wa jamii Alfred Kadushin, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu usimamizi katika kazi za ustawi, aliugawa katika majukumu matatu: kuhakikisha kazi inafanyika, kumfundisha mfanyakazi, na kumshika mkono kihisia. Kwa vitendo maana yake ni saa moja iliyotengwa, mlango umefungwa, faili la shauri liko mezani, na mwenzako mwenye uzoefu anakuuliza ulimwona mtoto mwenyewe au uliambiwa tu, kwa nini umeliahirisha shauri hili mara mbili, na usiku ule baada ya mahojiano ulilalaje. Maswali mawili ya kwanza yanamlinda mtoto, la mwisho linamlinda afisa, na yote yanaulizwa katika kikao kimoja. Uchambuzi wa Michàlle Mor Barak na wenzake wa mwaka 2009, uliojumlisha tafiti 27 zenye wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa ustawi wa watoto, kazi za jamii na afya ya akili, uliona kwamba usimamizi mzuri unaendana na kuridhika zaidi na kazi, uchovu mdogo na nia ndogo ya kuacha kazi.

Linganisha na semina. Mwaka 2024 mtafiti William Fleming alichapisha uchambuzi wa takwimu za wafanyakazi 46,336 wa Uingereza, na kwa sehemu kubwa sana hakuona kwamba walioshiriki mafunzo ya ustahimilivu, programu za simu na kozi za kutuliza akili walikuwa na hali bora kuliko wenzao. Hata kikao kimoja cha kumtaka mtu aeleze yote mara tu baada ya tukio la kutisha kimeonekana, katika mapitio ya tafiti ya 2002, kutozuia kiwewe, na pengine kuwaumiza baadhi. Kwa hiyo hisani ya haraka haitoshi, na nyingine ina madhara.

Wapo watakaosema kazi hii ni wito, na aliyeichagua aliijua. Wito ni kweli, lakini hauna uwezo wa kupunguza mashauri wala kuongeza saa za siku. Humfanya mtu anyamaze akiumia, basi. Wengine watasema Mwafrika ana ndugu, ana msikiti au kanisa, ana majirani, na hao ndio washauri wake. Hoja hii naiheshimu, maana nguzo hizo zimewabeba wengi. Ila afisa huyu anabanwa na kiapo cha siri. Hawezi kumsimulia mkewe wala shehe wake habari za mtoto ambaye katika mji mdogo kila mtu atamtambua kwa maelezo mawili tu. Mahali pekee anapoweza kuliongelea shauri bila kuvunja maadili ni mbele ya mwenzake wa taaluma.

Hoja ya fedha ndiyo nzito. Hata hivyo, katika halmashauri zetu ustawi wa jamii umo ndani ya idara moja na afya na lishe, na sekta ya afya imezoea usimamizi shirikishi kwa miaka mingi: gari linatoka wilayani, linapita zahanati kwa zahanati, wataalamu wanakaa na muuguzi na kupitia kazi yake. Katika gari hilo kuna nafasi ya afisa ustawi mwandamizi. Na wazoefu wapo. Taasisi ya kuwafundisha ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1973, na baadhi ya waliopita hapo sasa ni wastaafu wanaoweza kuombwa kuwalea vijana hata kwa simu. Jambo moja lizingatiwe: anayesikiliza asiwe ndiye anayejaza tathmini ya utendaji, la sivyo hakuna atakayesema ukweli.

Sheria nazo zinatoa pa kuanzia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, na orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya 2010 inayataja magonjwa ya akili yatokanayo na kazi, kiwewe kikiwemo. Wakurugenzi wa halmashauri na madiwani mnaopitisha bajeti kabla ya Julai 1, wekeni humo kifungu cha usimamizi wa kitaalamu wa maafisa ustawi: nauli, vocha za simu, na saa zilizotengwa kila mwezi. Hayo yako ndani ya uwezo wenu hata mwaka huu wa fedha unaokuja.