Je, Wajua Kwa Nini B-17 Zilikunja Magurudumu Zikiwa Zimeshatua?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilisumbuliwa na ajali iliyojirudia katika B-17, ndege ya mabomu ya injini nne iliyobeba watu kumi. Ndege imeshatua salama na inapunguza mwendo. Ghafla magurudumu yanajikunja, inalala kwa tumbo, na propela zinapinda zikichimba ardhi. Mitambo ilipokaguliwa haikuwa na hitilafu, basi ikaandikwa kwamba kosa ni la rubani, na doa hilo likabaki katika kumbukumbu za utumishi wake. Naamini hukumu hiyo ilimwonea rubani. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba haikueleza chochote: ilimtaja mwenye mkono, ikaacha kuuliza kwa nini mkono ulikwenda pale.

Aliyeuliza ni Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia kijana aliyejiunga mwaka 1942 na maabara ya tiba ya anga huko Wright Field, jimbo la Ohio. Alikiangalia chumba cha marubani chenyewe. Swichi ya magurudumu ilikaa jirani na swichi ya flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iweze kutua kwa mwendo mdogo, na swichi hizo zilifanana. Baada ya kutua, flapu hupandishwa. Sasa mfikirie mtu aliyekaa saa nyingi angani, kwenye baridi kali, akipumua kwa barakoa ya oksijeni huku akipigwa mizinga. Vidole vyake vikikosea kidogo tu, vinapandisha magurudumu badala ya flapu. Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni C-47, ndege ya mizigo ya jeshi hilohilo. Vishikio vyake havikufanana namna hiyo, na mkanganyiko huo haukuwa tatizo kwake. Kama chanzo kingekuwa uzembe wa marubani, uzembe huo ungeonekana ndani ya C-47 pia. Chapanis alipendekeza swichi ya magurudumu ivishwe kigurudumu cha mpira, na ile ya flapu ivishwe kipande chenye umbo la kabari, ili vidole vitambue bila msaada wa macho. Dawa hiyo ilifanya kazi, na hakuna rubani aliyelazimika kurudishwa darasani.

Wapo watakaosema kwamba rubani hodari hachanganyi swichi, na kwamba tiba ni mazoezi. Tazama basi utumishi wa Robert Morgan, rubani wa B-17 iliyoitwa Memphis Belle. Alimaliza misheni 25 juu ya Ulaya Mei 1943, kisha akahamia B-29, na tarehe 24 Novemba 1944 akaongoza shambulio la kwanza la ndege hizo dhidi ya Tokyo. Sidai kwamba Morgan aliwahi kukunja magurudumu chini. Ninachokiona ni kwamba katika mwaka mmoja na nusu mikono ya mtu mmoja ilitakiwa kusahau chumba kimoja na kuzoea kingine. Mazoezi ndiyo yanayoupa mkono mazoea, na mazoea hayo huhama na rubani hadi kwenye ndege ambayo swichi zake zimepangwa vingine. Paul Fitts na Richard Jones walithibitisha jambo hili mwaka 1947: walikusanya masimulizi 460 ya makosa ya marubani katika kutumia vishikio, wakakuta kwamba wazoefu nao hukosea, na kuchanganya kishikio kimoja na kingine ndiko kulikoongoza.

Pingamizi zito zaidi ni la nidhamu: tukiilaumu mashine kila mara, nani atakuwa makini? Nalikubali kwa sehemu. Rubani anayeruka chini mno kwa majigambo hawezi kusingizia swichi. Lakini kosa moja linapofanywa na watu wengi wasiojuana, katika ndege za aina moja, mahali palepale pa safari, kumwadhibu kila mmoja peke yake ni kupoteza ushahidi. Kanuni za leo za ndege za abiria zinataka kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu na cha flapu kiwe na umbo la flapu, na zinamhusu kila rubani, mzoefu na mwanafunzi.