Meza ya chakula, meza ya mahakama

Nchini Malaysia na Indonesia, meza huitwa meja. Kama neno letu la Kiswahili, limetokana na mesa la Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498 na kuiteka Malacca mwaka 1511.

Nyumbani, meja makan ni meza ya chakula. Lakini Mwindonesia akikwambia jirani yake amepelekwa meja hijau, yaani meza ya kijani, usidhani amealikwa kula: ameshtakiwa mahakamani.

Neno hilo limebeba hata historia ya taifa. Indonesia ilitangaza uhuru mwaka 1945, ikapigana na Waholanzi miaka minne. Mwaka 1949, mjini The Hague, Uholanzi ilikubali kukabidhi mamlaka. Waindonesia huuita mkutano huo Konferensi Meja Bundar: Mkutano wa Meza ya Duara.