Flashi moja, kompyuta yako: kumbukumbu za shamba bila kununua laptop

Najua wengi mlitegemea leo tuendelee na kantangaze kwenye nyanya. Itakuja, msijali. Leo nataka tuongee kuhusu kumbukumbu, kwa sababu msimu uliopita nusura kumbukumbu zituharibie biashara hapa hapa Akheri.

Kuna kikundi cha vijana nakihudumia, wanalima maharage machanga ya kuuza nje. Mnunuzi aliwaambia kabla hajapakia mzigo anataka kuona karatasi za upuliziaji: tarehe, jina la dawa, kiasi kwa pampu, nani alipulizia, na siku ngapi zimepita mpaka kuvuna. Mambo hayo yote nilikuwa nimeyaandika vizuri, yapo kwenye flashi yangu. Jioni nikaenda steshenari moja kuprinti, mnunuzi anakuja kesho yake asubuhi. Kuchomeka flashi, folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibonyeza hakuna kinachofunguka. Jamani, miguu iliisha nguvu. Maharage yakishakomaa hayasubiri mtu, ukichelewa siku mbili tu yanazidi ukubwa na mnunuzi anayakataa.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa pale anasubiri zamu. Akachomeka flashi kwenye laptop yake, na folda zangu zote zikatokea, nzima kabisa. Vile virusi huwa havifuti faili, vinazificha tu kwa alama ambayo Windows inaiheshimu. Laptop yake ilikuwa inatumia Linux, na Linux haiijali alama hiyo, inaonyesha kila kilichopo. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba diski ya laptop ile ilikuwa imekufa siku nyingi. Alikuwa anaiwasha kwa flashi nyingine, ndogo kama kidole, imechomekwa pembeni.

Inawezekanaje? Kompyuta ikiwashwa inatafuta mahali pa kusoma mfumo wake. Kwa kawaida inausoma kwenye diski ya ndani, ambako kuna Windows. Ila unaweza kuiambia isome kwenye flashi, na diski ya ndani isiguswe kabisa. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ni ya bure, kwa hiyo hakuna leseni ya kununua wala ya kuiba. Aina ninayoitumia mimi ni Xubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ndani yake kuna LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Na msidhani haya ni mambo ya mbali: mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice imetokana na OpenOffice hiyohiyo.

Sasa tutengeneze. Nunua flashi ya GB 32, na iwe ya USB 3 kama unaipata, maana flashi ya taratibu itakuchosha roho. Angalia sana, mitaani kuna flashi zimeandikwa GB 64 kumbe ndani ni 8. Zinakubali kupokea faili halafu zinazipoteza kimyakimya. Ijaribu kwanza kwa programu ya bure inayoitwa H2testw: inaijaza flashi yote, kisha inasoma kuona kama kila kitu kimerudi. Inachukua muda, lakini ni sawa na kupima uotaji wa mbegu kabla ya kusia.

Faili la Xubuntu lina GB kadhaa, kwa hiyo usimalize bando lako la wiki. Tafuta mahali penye Wi-Fi nzuri, ulipakue kwenye tovuti yao wenyewe, na uchukue ile ya kawaida, siyo iliyoandikwa Minimal, kwa sababu hiyo haina LibreOffice. Mtandao wetu unakatika, hivyo faili linaweza kufika na kasoro. Kwenye Windows fungua kisanduku cha amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Namba ndefu itakayotokea ilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti. Zikitofautiana hata herufi moja, pakua upya.

Kisha pakua Rufus. Ni programu ndogo ya Windows, haihitaji hata kusakinishwa. Ifungue, chagua flashi yako, chagua faili la Xubuntu. Hapo kuna mstari umeandikwa Persistent partition size, na huo ndio moyo wa kazi yote. Usipougusa, utapata mfumo unaosahau kila kitu ukizima kompyuta: ukiandika mauzo ya leo, kesho hayapo. Sogeza hadi GB 15 au zaidi, ili mfumo uwe na sehemu yake ya kuhifadhi. Bonyeza Start. Kila kilichokuwa kwenye flashi kitafutika, kwa hiyo usitumie ile yenye picha za harusi ya dada yako.

Kuwasha kuna ufundi kidogo. Zima kompyuta huku umeshikilia kitufe cha Shift, maana bila hivyo Windows nyingi za siku hizi hazizimi kabisa, zinalala tu. Chomeka flashi, washa, na hapohapo gonga-gonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, HP ni Esc halafu F9. Chagua flashi, usubiri. Mara ya kwanza inachukua dakika kadhaa, usidhani imekwama.

HAPA TULIENI. Skrini inaweza kukuuliza kama unataka kujaribu mfumo au kuusakinisha. Chagua kujaribu, Try. Siku zote ni Try. Ukichagua Install ukafuata maelekezo bila kusoma, unaweza kufuta Windows na kazi zote za mwenye kompyuta, na hapo utalipa fidia kubwa kuliko faida ya msimu mzima. Ndiyo maana pia lazima umwombe mwenye mashine ruhusa, umweleze unachofanya. Kompyuta za ofisi za watu msiziguse bila idhini. Na kama mashine imekataa kuwaka kwa flashi, iache. Usianze kubadilisha Secure Boot kwenye kompyuta ya mtu, kwa sababu ikiwa diski yake imefungwa na BitLocker, Windows inaweza kumdai ufunguo mrefu wa kuifungulia, ambao huenda hajui hata ulipo.

Ikishawaka, fungua LibreOffice Calc utengeneze daftari lako. Mimi naweka kurasa tatu tu: pembejeo na gharama, upuliziaji, mavuno na mauzo. Siku ya soko la Tengeru unajua kabisa tenga moja la nyanya limekugharimu shilingi ngapi kabla dalali hajafungua mdomo. Kwa kweli hiyo peke yake inatosha kulipa bei ya flashi.

Kuna kitu kimoja watu wengi hawakijui. Mfumo huu unawaka bila kuuliza neno la siri. Ukidondosha flashi kwenye daladala, atakayeiokota anaweza kusoma majina ya wanakikundi, namba zao za simu na nani anadaiwa. Kwa hiyo unapohifadhi faili kwenye LibreOffice, weka tiki pale panapoandikwa Save with password, uliwekee neno la siri. Ukilisahau hakuna wa kukufungulia, hata mimi. Na usiruhusu kivinjari kikumbuke neno la siri la barua pepe au la benki.

Tena, usiichomeke kwenye Windows ambayo tayari inawaka. Kuna sehemu ya flashi ambayo Windows inaiona, na virusi vitaingia hapo. Ile sehemu yako ya kuhifadhi Windows haiielewi, kwa hiyo itakuuliza kama unataka kuiformati. Kataa! Kuna bwana mdogo mmoja alibonyeza ndiyo, akapoteza hesabu za vitunguu za miezi minne.

Usichomoe flashi wakati mfumo unafanya kazi, zima kwanza. Umeme ukikatika ghafla kwenye kompyuta ya mezani, faili ulilokuwa unaandika linaweza kuharibika, basi kila baada ya mistari michache bonyeza Ctrl na S. Na usisasishe mfumo mzima kwa pamoja kila unapoulizwa, maana masasisho yanajaza nafasi yako ya kuhifadhi, na kiini cha mfumo hakibadiliki kwa njia hiyo. Toleo jipya likitoka, toa nakala ya mafaili yako utengeneze flashi upya.

Nakala iko wapi? Swali zuri. Flashi zinakufa bila kuaga. Kila Jumamosi jioni mimi najitumia mafaili kwa barua pepe, na kabla ya msimu kuisha naprinti. Karatasi kwenye faili la kamba bado sijaacha, msinicheke.

Aliye Akheri na jirani zake ambaye hana bando, faili la Xubuntu ninalo, nimeshalikagua. Njoo ofisini Jumatano asubuhi kabla sijaenda mashambani, uje na flashi tupu ya GB 32, na kama kikundi chenu kina laptop iliyokufa diski, njooni nayo pia.