Mfagizi Aliyezaa Chini ya Kifuu

Katika masika yaliyopita tulibishiwa mlango alfajiri na jirani yetu mmoja, maalim mstaafu aliyesomesha skuli kwa zaidi ya miaka 30. Mwenye kumwendea kiongozi wa tawi saa kama hizo kwa kawaida ana msiba, ugonjwa au ugomvi wa mpaka wa shamba. Maalim hakuwa na lolote katika hayo. Alituitia samaki.

Sebuleni mwake pana tangi la kioo lenye urefu wa mita moja, aliloliweka kwa ajili ya wajukuu. Tangi lipatalo mwanga huota utando wa kijani katika vioo vyake, na Maalim alikuwa amechoka kuukwangua kila wiki. Mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam akamshauri anunue samaki wawili wadogo waitwao pleko. Hao ni jamaa ya kambare, wenye asili ya Amerika ya Kusini. Miili yao imevikwa magamba magumu mfano wa deraya, na mdomo uko chini ya kichwa kama kikombe kilichofudikizwa, nao huganda kiooni na kukwangua utando usiku kucha. Maalim aliambiwa kwamba ni wafagizi wasiotaka ujira. Hakuambiwa kwamba mmoja ni dume na mwengine ni jike, kwani katika udogo wao hata muuzaji hawezi kuwapambanua.

Ndani ya tangi hilo palikuwa na kifuu cha nazi kilichotobolewa upande mmoja, kilichotiwa kwa pambo tu. Kwa zaidi ya wiki moja samaki mmoja alikuwa hatoki humo, na Maalim alidhani kuwa ni mgonjwa. Asubuhi ile alikiinua kifuu ili amtazame. Wakamwagika vifaranga, kila kimoja kikubwa kidogo tu kuliko punje ya mchele, wakatawanyika na kuganda katika vioo vyote vinne. Aliwahesabu mpaka 60, kisha akaacha kuhesabu na kuja kwetu.

Jambo hilo lilimshangaza, lakini halikuwa muujiza. Pleko wadogo wa jenasi ya Ancistrus, ambao urefu wao ni baina ya sentimita 10 na 15, huzaa majumbani bila ya kushawishiwa. Dume akishakomaa huota vijinyuzi laini puani mithili ya ndevu. Jike hana, au anavyo vichache na vifupi. Dume hutafuta pango akalimiliki. Jike huingia, hutaga makumi ya mayai ya rangi ya chungwa, kisha huenda zake. Malezi humwangukia baba, akae pangoni akiyapepea mayai kwa mapezi yake ili yapate hewa, hadi yaanguliwe baada ya siku 4 hadi 10 kwa kadiri ya joto la maji. Dume wa Maalim hakuwa mgonjwa hata kidogo, bali alikuwa mlezi. Lililowaamsha ni maji. Bomba lilikuwa limekatika siku nyingi, na Maalim alipopata nafasi aliteka maji baridi ya kisima akabadilisha nusu ya tangi kwa mkupuo mmoja. Kwa samaki hao kupoa kwa maji ni dalili ya mvua. Bila ya kujua, Maalim alikuwa amewashushia masika ndani ya sebule.

Tulipofika, majirani walikwisha kutoa hukumu. Tangi haliwezi kulea samaki 60 na zaidi. Kuwaua viumbe wasio na hatia ni ukatili. Basi na wamwagwe bondeni, katika mfereji wa mpunga, wapate kuishi. Mjukuu wa Maalim, mtoto wa miaka 9, alikuwa mlangoni ameshika ndoo. "Babu, nikawamwage?" akauliza. Tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba kwa dakika chache sisi pia tuliliona shauri hilo kuwa ni la huruma. Ndipo kunguru mmoja alipolia juu ya paa, nasi tukaomba ndoo iwekwe chini.

Yafaa tukumbushane habari ya kunguru huyo, kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba alikuwepo Unguja tangu dunia kuumbwa. Kunguru mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji hapa. Aliletwa kutoka India katika miaka ya 1890, mwanzoni mwa himaya ya Waingereza, ili ale takataka za mji. Naye aliletwa kwa jina la mfagizi. Leo kila mwenye kufuga kuku anajua ni vifaranga wangapi wamenyakuliwa, na ndege wetu wadogo wa asili wameyapoteza mayai yao na makinda yao kwa mdomo huo huo. Katika miaka ya 1990 ilifanywa kampeni ya kuwapunguza, nao wakapungua sana. Juhudi zilipolegea, wakarejea. Wazee wetu wamesema kwamba kunguru hafugiki. Sisi tunaongeza kwamba akishaingia haondosheki.

Mambo ya pleko katika nchi za wenzetu yamekwenda njia hiyo hiyo. Katika maduka jina hilo moja hufunika samaki wengi. Yuko huyu mdogo aliyezaa chini ya kifuu, na yuko mkubwa wa jenasi ya Pterygoplichthys, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole lakini hukua kupita sentimita 40. Huyo mkubwa ni shida kuzaa tangini, maana hutaga katika mashimo anayoyachimba kwenye kingo za mito. Yeye hutupwa kwa sababu tangi limekuwa dogo. Basi mwenye mdogo hulemewa na wingi, mwenye mkubwa hulemewa na ukubwa, na wote wawili huishia na ndoo mkononi wakiufikiria mto ulio karibu.

Huko Ufilipino samaki mkubwa huyu ameenea katika Laguna de Bay, ziwa kubwa kuliko yote ya nchi hiyo, na katika mto Marikina. Wenyeji wamempa jina lenye maana ya mfagizi. Miiba ya mapezi yake na magamba yake huchana nyavu, na mashimo yake hudhoofisha kingo. Huko Meksiko aliingia katika bwawa la Infiernillo, lililokuwa miongoni mwa mabwawa yenye uvuvi mkubwa wa perege nchini humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wakawa wanavuta nyavu zilizojaa samaki asiye na mnunuzi, wakamwita samaki shetani. Katika bara letu hili amekwisha kukutwa kwenye mto Nseleni, Afrika ya Kusini. Ni mgumu kuangamia, kwani maji yakipungukiwa na hewa, yeye huimeza hewa ya juu na kuivuta kwa tumbo lake.

Sasa tuyatazame maji yetu. Visiwa vyetu vina bahari kubwa, lakini maji yake matamu ni haba. Tuna vijito vichache kama mto Mwera, tuna chemchemi, tuna visima, na tuna mabonde ya mpunga kama Cheju na Bumbwisudi. Mifereji mingi ya mabondeni ina kingo za udongo, zilizochimbwa kwa jembe na jasho la wakulima. Samaki mwenye kutoboa kingo akiingia humo, hasara haitamfika aliyemmwaga. Itamfika mama mwenye robo eka yake, atakayeamka siku moja akute maji yamepotea na mpunga unakauka. Hatudai kwamba pleko mdogo wa Maalim angeifanya kazi yote hiyo. Tunachosema ni kwamba mwenye ndoo hajui vyema ni aina ipi aliyonayo, na kosa likishamwagwa halizoleki.

Kwa hivyo tuna maneno kwa makundi matatu. Wanaofuga tunawaomba wajifunze kutambua dume na jike, wawatenganishe, na waondoe tangini vifuu na mabomba wasipotaka uzazi. Mayai yakionekana ni wepesi kuyatoa kabla hayajaanguliwa. Wenye maduka tunawataka wamwambie mnunuzi jina kamili la samaki, ukubwa atakaoufikia na uzazi wake, na wakubali kumpokea pale mwenyewe anaposhindwa. Ama viongozi wa Serikali wanaoshughulikia uvuvi, kilimo na bandari, tunawakumbusha kwamba raia hawezi kulaumiwa kwa kumwaga samaki mtoni ikiwa hakuna mlango ulio wazi wa kuwapeleka. Iteuliwe ofisi moja, itangazwe redioni na maskulini, ili mwananchi mwenye samaki, ndege au mmea wa kigeni asioutaka ajue ni nani wa kumkabidhi bila ya kuogopa faini wala kuchekwa. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kuwinda kunguru kwa zaidi ya miaka mia.

Maalim alikaa na vifaranga wake kwa mwezi mmoja, akiwalisha majani ya mchicha yaliyochemshwa na vipande vya tango. Wengine walikufa wenyewe. Takriban 20 walichukuliwa na wafugaji wawili wenye matangi yao, kwa ahadi ya kutowamwaga nje, na mmoja wao akamchukua na yule jike. Waliobaki hawakuwa na mwenyewe. Maalim aliuliza kwa wajuzi, akaambiwa kwamba mafuta ya karafuu, haya haya yanayokamuliwa Pemba, humlaza samaki usingizi, na yakizidi humuua akiwa amelala. Akaifanya kazi hiyo mwenyewe, usiku, wajukuu wakiwa wamelala. Kisha akawafukia chini ya mchungwa.

"Nimesomesha watoto miaka 30," alituambia, "na sikupata kufanya jambo lililonitia uzito kama hili."

Dume angali tangini, peke yake, na vioo ni safi. Kifuu kimeondolewa. Mjukuu aliuliza sababu, na babu yake akamwambia yote bila ya kumficha, tangu kunguru mpaka karafuu. Siku ya pili mtoto alikwenda kuisimulia habari hiyo skuli.