Hadithi nzuri huanzia ndani ya moyo wa mhusika

MWANAFUNZI wa shule ya msingi anapotakiwa kuandika hadithi, mara nyingi hupanga matukio tu: walikwenda, wakafika, wakarudi. Tahajia inaweza kuwa sahihi, lakini msomaji haelewi kwa nini mhusika alilia, alikimbia au alisema uongo.

Dawa ya kasoro hiyo inapatikana Tanga kwenyewe. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, aliandika Adili na Nduguze, kitabu kilichochapishwa mwaka 1952. Humo, Adili, mtawala wa Janibu, huwachapa manyani wawili kila usiku, kisha huwabembeleza huku akilia.

Anayechungulia humwona katili. Kumbe manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa baada ya kumtupa baharini, naye huwachapa kwa amri ya jini.

Mwalimu anaweza kusitisha usomaji kabla siri haijafichuka, akauliza: Adili anajua nini asichokijua anayemchungulia? Anahisi nini anaposhika mjeledi?

Uwezo wa kujibu maswali hayo huanza mapema. Mwaka 1983, wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini, mama yake akaihamisha bila yeye kujua. Walipoulizwa mvulana ataitafuta wapi, wadogo wa miaka mitatu walitaja ilikohamishiwa. Wengi waliofikisha miaka sita walitaja alikoiacha.

Ndiyo maana watoto hufurahia ngano za Sungura na Fisi: wao wanaujua ujanja, Fisi haujui.

Kinachobaki ni kuuhamishia uwezo huo kwenye daftari. Zoezi moja latosha kwa kuanzia: mvuvi wa Pangani amerudi na dau tupu. Wanafunzi waandike kisa hicho kwanza kwa sauti ya mvuvi mwenye deni, kisha kwa sauti ya mwanawe aliyeahidiwa sare ya shule. Tukio ni lile lile, hadithi ni mbili.

Faida yake haiishii kwenye alama. Mtoto aliyezoea kujiuliza mwenzake anajua nini na anaumia wapi, hufikiri mara mbili kabla ya kumcheka aliyekuja darasani na viatu vilivyotoboka.