Kamera huenda Mai Mahiu, fagia hubaki Mutindwa

Mwezi Mei mwaka 2024, kwenye kibanda kimoja cha mitumba sokoni Mutindwa, muumini wa kanisa moja la mtaa wa Umoja, Nairobi, alikuta rinda lake likiuzwa. Alilitambua kwa kifungo cha tatu, ambacho alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi usiolingana na mwingine. Jumapili iliyotangulia alikuwa amelikunja, akalitia mfukoni na kulipeleka kanisani ili liwafikie waathiriwa wa mafuriko ya Mai Mahiu. Sasa lilikuwa linaning'inia kwenye waya, bei shilingi hamsini, na aliyeliuza ni shemasi wa kanisa lake.

Kisa hicho nilikisikia ndani ya matatu ya 35/60, kikisimuliwa kama kisa cha wizi, na abiria wote waliokisikia walitikisa kichwa. Mimi kilinikera kwa sababu nyingine. Mwizi mwenye akili angeliuza rinda hilo Kayole au Githurai, si kwenye kibanda ambacho nusu ya kanisa hupitia ikienda nyumbani. Nikaenda kumtafuta. Nilitarajia kukutana na mtu wa kujitetea, nikakuta mwalimu.

Jina lake tuliache. Kanisani wanamwita mama shemasi, na mitumba ameiuza tangu mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa ana watoto wake, alipokuwa mgongoni. Aliniketisha kwenye balo la nguo ambalo halijafunguliwa, akanipa fulana nyeupe na kuniamuru niikague. Nikaitazama mbele na nyuma, nikasema ni nzuri. Akainyakua, akaipindua ndani nje na kunionyesha kwapa.

"Kijana wangu, hapa ndipo nguo husema ukweli."

Wasomaji wanaoamkia soko la Gikomba wanaijua sheria ya balo. Likikatwa kamba, kinachonyakuliwa kwanza ni kamera, nguo ambazo hata mwenye duka la vioo mjini atazitundika bila aibu. Daraja la pili na la tatu hufuata, zenye kasoro ya hapa na pale. Zinazobaki chini baada ya kila mtu kuchagua huitwa fagia, na bei yake ni ya kufagia kweli: ishirini, thelathini, ukibahatika hamsini. Mama shemasi haoni kwa nini sheria hiyo isimame mlangoni pa kanisa. Magunia ya michango yalipoletwa ukumbini, aliyafungua kama mabalo.

Yaliyokuwemo anayasimulia akihesabu kwa vidole. Suruali zisizo na zipu. Makoti ya suti yaliyoachana na suruali zake. Viatu vya visigino virefu, vya kwenda kukanyaga tope la Bonde la Ufa. Gauni la harusi, lililokunjwa kwa heshima na kuwekewa dawa ya nondo. Kiatu cha mguu wa kushoto peke yake, na baada ya magunia mawili, kiatu kingine cha mguu wa kushoto. Mifukoni alikuta risiti, hereni moja na bahasha ya sadaka iliyosahauliwa na pesa yake ndani, ambayo aliipeleka ofisini siku hiyo hiyo.

Hawalaumu sana waliotoa. Umoja iliyojengwa miaka ya 1970, ya nyumba za chini zilizoachiwa nafasi ili mwenyewe aongeze chumba pesa zikipatikana, imemezwa na maghorofa, na ndani ya chumba kimoja cha ghorofa ya tano hakuna pa kuweka koti lisilovaliwa. Kanisa likitangaza mchango wa nguo, kabati zima linapumua. Mtu hutoa kwa moyo safi kabisa, anasema, lakini mkono wake umechagua kile ambacho alikuwa akitafuta namna ya kukiondoa.

Namna anavyokagua ndiyo iliyonishika. Kwapa kwanza, kisha kola, kisha mapaja ya suruali mahali kitambaa kinaposuguana. Baadaye anaiinua nguo dhidi ya mwanga wa dirisha: ikiwa nyota zinaonekana, haiendi. Zipu anaipandisha na kuishusha mara tatu, kwa kuwa zipu ya mtumba hudanganya mara ya kwanza. Mwisho anainusa, macho yamefumbwa. Nguo za watoto anazivuta shingoni, kwani kichwa cha mtoto hakisubiri. Nguo nyeupe aliziweka kando hata zilipokuwa kamera safi, akiuliza mama aliye kambini atazifua na maji gani, na kuzianika wapi.

Alizigawa mafungu matatu. La kwanza ni la kwenda. La pili lilipelekwa kwa fundi wa cherehani pale Innercore, ambaye alitia zipu na vifungo bila malipo, kwa hoja ya mama shemasi kwamba aliyesombewa nyumba hana sindano. Fungu la tatu, fagia, ndilo lililozua maneno. Alilibeba hadi kibandani pake, akaliuza kwa bei ya soko, na kila shilingi akaiandika kwenye daftari la mistari ambalo nimelisoma ukurasa kwa ukurasa. Pesa hizo zilinunua chupi, sidiria, soksi na pedi, vyote vipya, kwa bei ya jumla Eastleigh.

Nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi na kanuni za ubora. Hata zingeruhusiwa, mama shemasi anauliza, umewahi kumwona nani akileta chupi madhabahuni? Mtu aliyeamshwa na maji usiku ametoka na alichokuwa amelalia. Atapewa blanketi, atapewa unga na maharagwe, atapewa sweta tano. Kile cha ndani hakuna anayekitaja, na yeye mwenyewe hatakiomba mbele ya kamati ya wanaume.

Yaliyotokea Mai Mahiu hayahitaji maelezo marefu. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliporomoka juu ya kijiji cha Kamuchiri na vya jirani, yakabeba nyumba, magari na mawe. Mwanzoni ilisemekana bwawa la Old Kijabe limepasuka. Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamezibwa na takataka kwenye mfereji unaopita chini ya tuta la reli, hadi tuta likashindwa kuyazuia. Siku ya kwanza pekee maiti zaidi ya 40 zilihesabiwa, na hesabu ikaendelea kupanda. Mvua za msimu ule ziliua karibu watu 300 nchini, na kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei.

Kanisa lilikodi basi la shule. Safari yenyewe, kama mama shemasi anavyoisimulia, ilikuwa ya siku moja: nyimbo hadi Limuru, kimya kwenye mteremko, sala fupi karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vijana walikuwa wamepanga waathiriwa wasimame foleni, kila mmoja apokee mfuko na kupigwa picha. Mama shemasi alikataa. Alitandaza turubai, akapanga nguo kwa ukubwa kama anavyozipanga Mutindwa, za watoto mbele, akawaambia watu wapite wachague. Vya ndani vilifungwa kwenye karatasi za kaki na kugawiwa na wanawake pekee, nyuma ya basi.

Mwanamke mmoja alishika koti la sufu, akalipindua, akakagua kola. Kwa mazoea akauliza ni pesa ngapi.

"Leo ni bure, mama. Chukua."

Mwanamke yule akalirudisha pale pale alipolitoa, akachukua sweta lililofifia rangi. Mama shemasi alimsihi, akakataa. Jambo hili amelisimulia kwangu mara kadhaa na kila mara anasita mahali hapo hapo. Kama angelipia hata shilingi kumi, anadhani, angeondoka na koti. Kwani tulikosea kutomtoza? Sikuwa na jibu, na sidhani aliniuliza mimi.

Nilimuuliza swali ambalo wengi wa Eastlands wangeuliza. Mto Mathare ulifurika na kuua watu mwezi ule ule wa Aprili, na kutoka Umoja mtu hufika Mathare kwa matatu kabla soda haijapata moto. Kwa nini basi likodiwe hadi Bonde la Ufa? Alicheka kidogo. Mathare walipeleka chakula, alisema, lakini nguo hakupeleka yeye. Watu wa kule ni wateja wake. Ukimpa mteja nguo ya bure akiwa amesimama kwenye tope, kesho ataona haya kupita mbele ya kibanda chako, na wewe utakuwa umepoteza mteja na yeye amepoteza soko. Mai Mahiu hakuna aliyemjua. Ni hoja ya biashara au ya huruma, nimeshindwa kuzitenganisha, na sina hakika kwamba wakazi wa Mathare wangeikubali.

Kuhusu basi hana utetezi. Fedha za kulikodi na mafuta zingeweza kutumwa kwa M-Pesa, zikafika kabla kwaya haijamaliza kujipanga. Mhasibu wa kanisa alilisema hilo kikaoni. Akajibiwa na mzee mmoja kwamba watu waliozika jamaa zao wanastahili kuonwa kwa macho. Mama shemasi anakubaliana na wote wawili, ila anaongeza kwamba nusu ya waliopanda basi hawakushuka na kazi yoyote mkononi.

Mwenye rinda hakuridhishwa na daftari. Alilitoa kwa ajili ya Mai Mahiu, si kwa ajili ya soko, na hakuna aliyemuuliza. Katika hili nadhani ana haki, ingawa moyo wangu uko upande wa kibanda. Kumpigia simu kungegharimu nini? Mama shemasi anasema kumwambia mtu kwamba sadaka yake ni fagia ni kazi ambayo hata pasta ameikwepa.

Baraza la wazee lilikaa likaamua kwamba kuanzia sasa kilichotolewa kama nguo kitapelekwa kama nguo, na hakuna kitakachouzwa bila idhini ya aliyekitoa. Mama shemasi alitia sahihi na kukabidhi daftari. Kabla ya kikao kufungwa aliomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba ameuliza pesa za chupi zitatoka fungu lipi. Mwenyekiti akasema suala hilo litajadiliwa na kamati ya akina mama.